Maonyesho ya historia ya mtaa na matembezi ya pwani: namna ya kuyaandaa Dar es Salaam

Mtu wa Dar akitaka historia hupanda daladala mpaka Posta. Huko kuna Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927, na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Aende, ni pazuri. Lakini humo hatakuta aliyechimba kisima cha mtaani kwake, wala boti ya kwanza ya mashine ilipotia nanga dikoni. Hayo yamo kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda na kwenye vichwa vya wazee, na yanapungua kila msiba unapotokea.

Mwongozo huu ni wa kuandaa siku moja tu: asubuhi matembezi, mchana maonyesho. Mfano wangu ni Kunduchi kwa sababu ina vyote kwa umbali wa kutembea kwa miguu: diko la wavuvi, mikoko, na magofu. Mwishoni nitasema kidogo juu ya mitaa isiyo na bahari.

Kwanza, swali moja

"Historia ya Kunduchi" ni kubwa mno. Ukiibandika mlangoni utaletewa kila kitu, kuanzia picha ya harusi ya 1994 hadi jino la papa, na mgeni ataondoka bila kushika lolote. Chukua swali moja ambalo mzee yeyote wa hapo anaweza kulijibu bila kujiandaa. Tulivuaje kabla ya mashine? Maji ya kunywa yalitoka wapi? Tulifikaje mjini? Hilo la tatu ni tamu sana kwa Dar, maana litawaibua waliobanana ndani ya mabasi ya Ikarusi kumbakumba ya UDA na waliokalia mbao za magari ya chai maharage miaka ya themanini, na hao wakianza kusimulia hawanyamazi.

Mimi kwa Kunduchi nitachukua la kuvua. Kila kifaa cha uvuvi kinakurudisha majini au mikokoni, kwa hiyo maonyesho na matembezi yatakuwa kitu kimoja. Matembezi yasiyohusiana na kilichoko mezani hugeuka mazoezi ya viungo.

Tarehe: uliza mwezi kabla ya kalenda

Hapa ndipo shughuli nyingi za pwani huharibika. Watu huchagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, wanafika ufukweni saa nne, na maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Hakuna cha kuona wala pa kukanyaga.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada yake. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Bahati yetu ni saa. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Ndiyo saa ya matembezi hiyo. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo siku tatu baada ya mwezi mpevu kupwa kumeshasogea kuelekea mchana na jua liko utosini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji mbali. Siku hizo usipange kitu.

Kati ya bamvua mbili chagua ya mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inahitaji giza ili samaki waifuate. Mwezi ukiwaka usiku kucha, wengi wao wako nyumbani wanashona nyavu na kupaka vyombo dawa. Siku hizo utampata nahodha aliyelala usingizi wa kutosha na mwenye muda wa kuongea. Mwezi ukiandama, mtu yuleyule anarudi asubuhi macho mekundu, ana dagaa za kuuza, na wewe na daftari lako ni kero.

Hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam au programu ya simu, kisha mwonyeshe mvuvi mmoja. Akitikisa kichwa, msikilize yeye.

Kuhusu msimu: Machi hadi Mei ni masika, achana nayo, hata kama Siku ya Makumbusho Duniani huangukia tarehe 18 Mei. Juni mpaka Septemba ni kukavu na kuna ubaridi wa kusi, na shule hufunga katikati yake, jambo linalokupa madarasa na meza bure. Saba Saba inavutia kwa jina, maana ndiyo tarehe TANU ilipozaliwa mwaka 1954, ila nusu ya mtaa itakuwa Barabara ya Kilwa kwenye maonyesho makubwa. Ramadhani usipange matembezi ya jua.

Ruhusa

Barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kupitia mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa utamaduni wa manispaa. Taja tarehe, saa, mahali, idadi ya watu, na kama kutakuwa na kipaza sauti. Kama kitakuwepo, mtendaji atakwambia cha kufanya kituo cha polisi. Nenda mwenyewe na barua. Ukimtuma mtoto itakaa kwenye droo. Wajumbe wa mashina nao waambiwe kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kwani wao ndio watakaosema kama jambo lako ni la mtaa au ni la "wale vijana".

Dikoni kuna kikundi cha BMU kinachosimamia rasilimali za bahari. Piga hodi huko kabla hujapeleka mtu mmoja pwani. Magofu yana wasimamizi wake pia, na ukitaka kuingiza kundi uliza kwanza utaratibu na kiingilio. Shule: mwalimu mkuu, na apewe mapema jina la atakayefagia baada ya shughuli.

Kukusanya vitu bila kuwapora watu

Anza wiki sita kabla. Nendeni wawili, mmoja awe mtu wa mtaa huo anayejulikana kwao ni wapi. Shikamoo, maji ya kunywa, habari za watoto, kisha shida yenu. Kilo ya sukari mkononi si rushwa, ni adabu. Na msitoke na kitu siku ya kwanza. Mtu akipewa wiki ya kufikiri, mkirudi mnakuta amekumbuka madema, mitego ya samaki, yaliyoning'inia bandani, au shangazi yake wa Mbweni mwenye picha.

Kwa swali letu la uvuvi utakavyopata ni kama karabai, kibatari, nyavu za uzi wa pamba, mishipi, madema, upondo, nanga ya jiwe, kata ya kufulia maji chomboni, misumari ya mashua, patasi na keekee za fundi. Usiwaache akina mama nje ya habari. Nao wana kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, vikapu vya dagaa, na mitandio ya kutandia uduvi ufukweni maji yakipwa. Ukiwauliza wanaume tu utapata historia ya nusu ya chakula.

Kila kinachoondoka nyumbani kiandikwe kwenye daftari la kurasa mbili mbili: kitu, hali yake (kama kimevunjika, andika kimevunjikia wapi), mwenye nacho, tarehe ya kurudi, sahihi au dole gumba. Kipige picha mbele ya mwenyewe. Kuhusu picha za familia nina msimamo mkali: zisitoke kabisa. Piga nakala kwa simu palepale barazani. Weka picha juu ya kitambaa cheusi, kivulini lakini penye mwanga wa kutosha, zima taa ya simu, shika simu sambamba na picha, piga mara tatu. Piga na nyuma yake, ndiko kulikoandikwa majina na tarehe, na mara nyingi muhuri wa studio. Ikiwa imegandana na kioo cha fremu usiibandue; ipige humohumo. Omba ruhusa ya kuionyesha, na uandike kama ruhusa ni ya maonyesho tu au hata ya kusambaza kwenye simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kumwona bibi yako marehemu akizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bila kuulizwa ni jambo la kuudhi.

Onyo moja. Mtu anaweza kukuletea vipande vya kauri, shanga au sarafu alizookota karibu na magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimba au kuviuza bila kibali ni kosa. Usimtie mtu hofu na usivitangaze kama hazina. Mweleze, kisha muwasiliane na Makumbusho ya Taifa.

Kurekodi wazee

Ukimwambia mzee "tuambie historia ya mtaa", atakupa hotuba. Muulize vitu vya mkononi. Chombo chako cha kwanza kilichongwa na fundi gani, na mbao za mti gani? Mlikuwa wangapi? Samaki aligawanywaje, fungu la chombo likitoka kwanza au la mwisho? Nani aliwahi kuzama? Bei ya dagaa ilipangwa na nani? Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi mbele ya mzee unaleta zaidi ya maswali kumi.

Miaka haitatoka sawa, na hiyo si kasoro yake. Tumia vigingi ambavyo kila mtu anavikumbuka: maasi ya wanajeshi pale Colito, Lugalo ya sasa, Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, Vita vya Kagera 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu tarehe 14 Oktoba 1999. "Mashine ilikuja ukiwa umeshaoa? Vita vya Amini vilikuta unavua au umeacha?" Kwa vigingi hivyo utaukaribia mwaka wenyewe.

Wazee wawili wakipingana, na watapingana, yaandike yote mawili. Usijifanye hakimu. Siku ya maonyesho waweke viti karibu karibu.

Maandishi ya kando ya kitu

Hapa ndipo maonyesho mengi ya mtaani hufa. Utakuta meza nzuri, halafu kikaratasi: "Karabai. Taa ya zamani." Mtoto anaona taa ya zamani, anapita.

Andika mistari mitatu au minne. Mstari wa kwanza ni jina, wa pili kazi yake hapa hapa mtaani, wa tatu jambo moja ambalo macho peke yake hayawezi kuliona. Kwa mfano:

KARABAI
Taa ya mafuta ya taa, hujazwa upepo kwa pampu.
Ilifungwa kwenye chombo usiku wa giza kuvuta dagaa.
Mwezi ukiwa mpevu ililala ndani, na mwenye chombo naye alilala kwake.

Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka hatua mbili kutoka mezani, maana wazee ndio watakaosoma kwa makini kuliko wote na miwani wameiacha nyumbani. Kiswahili cha mtaani hapo kitumike. Fundi akisema mataruma, andika mataruma, usiandike "mbavu za boti" ili kumpendeza mtu wa mjini. Usiandike jina la mwenye kitu kama hataki.

Kupanga chumba

Darasa moja linatosha. Picha zitundikwe kwa kamba na vibanio vya nguo, upande usiopigwa na jua. Nakala ulizochapisha hazina thamani kubwa lakini rangi ikipauka saa saba mchana inavunja moyo. Vitu vya kuguswa viwe na meza yao, na watoto waambiwe waziwazi: hapa shika. Vile vya kuharibika vikae nyuma ya benchi na mtu mzima wa kuvilinda, aliyeletewa chai. Kwenye ukuta mmoja bandika ramani kubwa ya mtaa iliyochorwa kwa mkono, na kalamu zikining'inia, kila mgeni atie alama: hapa palikuwa na kisima, hapa tulicheza chandimu, hapa palikuwa na mkwaju. Ukuta huo utajaa kabla ya adhuhuri, na ndio utakaokupa swali la mwaka ujao.

Choo kiwe wazi na maji yawemo. Najua si jambo la historia.

Matembezi

Kutana saa mbili na nusu asubuhi, anza kutembea saa tatu, ili saa nne maji yakiwa yamepwa kabisa muwe mnakanyaga mahali ambapo kwa kawaida hupita chombo. Watu ishirini na tano wanatosha kwa kundi moja. Wakizidi, wa nyuma hawasikii na huanza kuokota konokono. Watoto wawe na barua za wazazi, mtu mzima mmoja kwa watoto sita hadi wanane, na wahesabiwe kila mnapohama. Viatu ni raba za zamani zenye kamba. Yeboyebo hubaki kwenye tope, na peku ni kujikatisha kwa chaza na chupa. Maji ya kunywa, kofia, sanduku la huduma ya kwanza.

Kituo cha kwanza ni dikoni. Mwache nahodha aonyeshe ngalawa kando ya mashua na aeleze kwa nini moja ina mirengu na nyingine haina. Dakika kumi na tano, basi.

Kituo cha pili ni mikokoni, na hapa kaeni. Wengi wetu tunaita yote "mikoko", lakini fundi wa vyombo anaijua kwa majina na kwa kazi. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyojipinda juu ya tope. Ndio uliotoa boriti za nyumba zetu na zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Mlilana na mchu hutoa mizizi ya kupumulia iliyosimama wima kutoka ardhini. Mlilana ulipendwa kwa mataruma ya vyombo. Magome ya mkandaa yalitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Waonyeshe watoto mbegu ya mkoko, ndefu, iliyokwisha kuota ingali mtini, inayodondoka na kuchoma tope au kuelea mpaka ipate pa kushika. Kisha wanyamaze dakika mbili na kuangalia chini. Kaa wa gando moja kubwa watatoka wenyewe kwenye mashimo. Juu mtaona yangeyange, mdiria, na kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka India, ambao historia yao hapa pwani ni ya karne ya 19 tu.

Mikoko yote ya nchi hii ni msitu wa hifadhi ya serikali. Hakuna kukata hata kijiti cha kuelekezea. Makombe na konokono vibaki.

Kituo cha tatu ni magofu: msikiti wa karne ya 15, na makaburi ya baadaye yenye nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kauri ya China. Usipandishe watu juu ya kuta kwa ajili ya picha. Ni makaburi; wanaotaka kusoma dua wapewe nafasi, na muziki wa simu uzimwe. Swali la kuwaachia watoto wakiwa wanarudi shuleni: bakuli la China lilifikaje Kunduchi, na kwa upepo gani? Jibu liko kwenye meza ya vifaa vya vyombo, kama uliandika vizuri kuhusu kusi na kaskazi.

Mbudya iko palepale mbele ya macho na vijana watataka kwenda. Mwaka wa kwanza usiende. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, kina kiingilio chake, kinataka boti zenye jaketi okozi kwa kila kichwa, na kusi la mchana huchafua bahari. Ni safari ya peke yake.

Mtaa usio na bahari

Pugu inanipa wivu: shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipojiuzulu mwaka 1955, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, vyote jirani. Panga kwa ratiba ya mvua, usihangaike na mwezi, na uombe mhifadhi awaongoze. Magomeni kuna nyumba ya Mwalimu iliyofanywa makumbusho, na bonde la Msimbazi liko karibu. Swali la hapo ni maji, kuanzia visima hadi mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamishia watu Mabwepande. Bonde hilo litazameni kutoka juu barabarani. Ubungo wana Urafiki, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa 1968, na kila nyumba ya karibu ina kanga au hadithi ya zamu ya usiku.

Fedha

Kiingilio kiwe bure. Gharama halisi ni kuchapisha picha, turubai, kukodi viti, maji na chai ya wazee. Mama lishe wawili wa mtaa wauze chakula, bila kuwatoza. Mwenye duka akitoa karatasi au soda, mtaje kwenye kipaza sauti. Bango la kampuni juu ya picha za wazee likatae.

Baada ya shughuli

Vitu virudi ndani ya siku mbili, na waliovichukua ndio wavirudishe, na daftari mkononi, mwenyewe atie sahihi tena. Kila aliyetoa picha apewe nakala iliyochapishwa. Sauti na picha zote ziwekwe sehemu tatu: flashi moja kwa mtendaji wa mtaa, moja maktaba ya shule, na nakala kwenye akaunti ya barua pepe ambayo watu wawili wana nywila yake. Majina ya mafaili yawe na maneno: mahali, kitu, mwaka. "IMG_0412" hakuna atakayeijua 2040. Ramani ya ukutani ikunje kwa kuizungusha, usiipige mikunjo, na uihifadhi kwenye bomba la plastiki mbali na mchwa.